Anayejibu Asubiri

Katika zahanati ya kijiji chao huko Kwaluguru, watu waligundua mapema kwamba Rehani, mganga wao kijana aliyerudi kutoka vita vya Kagera, haogopi damu, haogopi usaha, wala haogopi mwanamke aliyeletwa na uchungu wa siku mbili. Alichoogopa ni mgonjwa mwenye mzaha.

Mzee Mdoe ndiye aliyelithibitisha jambo hilo mbele ya kijiji kizima. Alifika asubuhi moja ameshika tumbo, akaketi kwenye benchi, akasema, "Mwanangu, nimekuja kukuaga. Nikifa, jembe langu usipewe wewe, maana huwezi kulitumia. Apewe mkeo."

Kina mama waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Rehani alitoka nje mbio, akalisimamisha lori lililokuja kuchukua mahindi ya kijiji, akampandisha mzee juu ya magunia, akapanda naye, na njia nzima mpaka Handeni mjini vidole vyake havikuachia kifundo cha mkono wa yule mzee. Hospitalini daktari alimbonyeza tumbo, akamuuliza jana alikula nini, akampa dawa ya kulainisha choo. Alasiri mzee Mdoe alikuwa sokoni anakunywa kahawa na kuwasimulia watu jinsi maharage yalivyompatia lori.

Kijiji kilicheka wiki mbili. Wenye safari zao za Handeni wakajua la kufanya: nenda zahanati, shika tumbo, tia maneno ya kuchekesha.

Mkewe, Mwantumu, hakucheka. "Zamani ulikuwa unataniana mpaka na mbuzi wa mama," alimwambia. "Siku hizi mtu akikutania unamwangalia kama anakata roho."

Rehani alitoka kwenda kuangalia mbuzi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na lilikuwepo jambo moja ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Uganga ulimjia kwa kunyoosha mikono. Mwaka 1974 familia yao ilihamishwa kutoka shamba la babu ikaingia kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa safu kwa safu na ugomvi wa kuku wa jirani ukaanza siku ya pili. Miaka miwili baadaye mkutano wa kijiji ulitakiwa kumchagua kijana mmoja wa kwenda kusomea tiba za kijijini. Walimchagua Rehani kwa sababu alikuwa amemaliza darasa la saba na mwandiko wake ulisomeka. Alikaa Handeni miezi sita, akarudi anajua kuchoma sindano, kuosha kidonda, kugawa klorokwini na kuwahimiza watu wachimbe vyoo. Alikuwa mganga mwenye maneno. Bibi mmoja alikuwa akija kila Jumatatu bila ugonjwa wowote, akisema amekuja kutukanwa kidogo ili wiki imwendee vizuri.

Kisha Novemba 1978 malori yakaja kuchukua mgambo.

Kambini, siku ya tatu, sajini mmoja aliyeitwa Eliasi alisimama mbele ya vijana mia mbili waliokuwa bado na mchanga wa vijijini kwao kwenye masikio. Akauliza, "Nani amewahi kumchoma mtu sindano?"

Ilinyooshwa mikono miwili. Mmoja wa Rehani. Wa pili ulikuwa mrefu, mwembamba, wa kijana kutoka Kwamndolwa, Korogwe. Aliitwa Yordani, na kazi yake ilikuwa kufunga vidonda vya wakata mkonge kwenye zahanati ya shamba. Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyetoka Tabora kwa kibarua cha mkataba, akaoa Mnyamwezi mwenzake, akazaa, akafia hukohuko mkongeni.

"Wewe kabila gani?" Yordani aliuliza.

"Mzigua."

Yordani akawageukia wengine, akatangaza kwa utulivu kabisa, "Jamani, mtumwa wangu nimempata. Nilimpoteza tangu enzi za babu."

"Babu yako alipita kwetu amebeba pembe za ndovu za mtu mwingine kichwani," Rehani akajibu. "Aliomba maji. Kata yetu ya kunywea hajairudisha mpaka leo."

Basi. Walikuwa wamefahamiana. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya wapagazi, na mtani hachaguliwi, unazaliwa naye hata kama hujawahi kumwona. Akikutukana humkasirikii. Unamjibu, tena haraka, kwa sababu anayeshindwa kumjibu mtani wake ameaibisha ukoo. Na msiba ukitokea, mtani ndiye anayeingia nyumbani kwa wafiwa akipiga kelele, anawachekesha wasiotaka kucheka, na mwisho anawavua nguo za msiba. Kazi hiyo ndugu hawaiwezi.

Kwa hiyo wawili hao waliokula sahani moja waliwekeana ahadi ambayo watani wote huwekeana bila kuifikiria sana. "Ukifa," alisema Yordani, "nakuja Kwaluguru nalala mlangoni kwenu mpaka mkeo anichinjie jogoo."

"Ukifa wewe," alisema Rehani, "mama yako atanipa jogoo wawili kwa furaha."

Desemba iliwakuta handakini, ng'ambo ya mto Kagera, wakiuangalia mpaka. Handaki lilikuwa refu kuliko mtaa wa Handeni mjini, limechimbwa kwa kupinda-pinda ili bomu likianguka sehemu moja lisiwamalize wa sehemu nyingine. Mvua zilikuwa zinanyesha. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu na hayakuondoka, na kabla ya risasi kumgusa mtu, kazi ya waganga ilikuwa miguu. Ngozi ililainika, ikageuka nyeupe, ikavuka pamoja na soksi. Kila asubuhi Rehani na Yordani walipita wakiwavua watu viatu, wakiwafuta, wakiwapaka dawa ya zambarau, wakiwakemea kama wake wenza. Malaria nayo ilikuwepo. Kuharisha kulikuwepo. Vijana wa kidato cha pili na wakulima wa pamba walilia kwa ajili ya mama zao huku wakisema ni mafua.

Kingo za handaki zilizuiwa kwa magunia ya katani yaliyojazwa udongo. Siku ya kwanza Yordani alilipapasa gunia moja, akanusa vidole vyake. "Mkonge wa kwetu," alisema. "Daraja la pili. Wametuchanganyia." Akachomoa nyuzi, akazisokota pajani kama alivyomwona baba yake akifanya, akapata kamba. Tangu siku hiyo mkoba wake haukukosa kamba za katani zenye urefu wa dhiraa moja, za kumfunga mtu mkono au paja damu isimwishe. Wanajeshi walizijua. Waliziita kamba za Tabora, naye akawa anawasahihisha, "Za Korogwe. Tabora sijawahi kufika."

Sheria yao ilitokana na kosa. Mabomu ya kwanza yalipoangukia upande wao, waganga hao wawili walimkimbilia aliyekuwa akipiga mayowe kuliko wote. Walimkuta amevunjika kidole. Hatua mbili kutoka pale, mwingine alikuwa ameketi kimya kabisa, na walipomgeukia damu yote ilikuwa imeshaingia kwenye maji ya handaki.

Yordani alinawa mikono muda mrefu siku hiyo. Kisha akasema, "Anayepiga kelele ana pumzi. Tuwe tunaanza na walionyamaza."

"Na tutawajuaje, kwenye moshi ule?"

"Si una mdomo wewe? Pita ukiwatukana."

Ndivyo walivyofanya. Bomu likishaanguka, vumbi likiwa bado halijatua, Rehani alianza mwisho mmoja wa handaki na Yordani mwisho mwingine, na kila aliyemfikia alimrushia neno la utani. Handakini kila mtu aligeuka mtani wa kila mtu, desturi au si desturi. Rehani alijifunza matusi ya makabila kumi na moja. Mngoni aliulizwa kama babu yake ameshaacha kukimbia. Mhaya aliulizwa kwa Kiingereza kibovu. Aliyejibu, hata kwa tusi baya, aliachwa: kichwa chake kinafanya kazi, pumzi anayo, anaweza kungoja. Asiyejibu ndiye waliyepiga magoti mbele yake. Rehani aliipa jina sheria hiyo: anayejibu asubiri. Sajini Eliasi, ambaye mwanzoni aliona ni upuuzi, alihesabu watu sita waliopona kwa sababu yake kabla ya mwaka mpya, akaacha kuguna.

Asubuhi ile ya Januari ilianza kama nyingine. Yordani aliamka na kumsalimu kwa salamu pekee ya Kinyamwezi aliyorithi vizuri kutoka kwa mama yake. "Mwangaluka, mtumwa."

"Salimia watu, usisalimie mbwa wako," alisema Rehani, akageuka upande wa pili ili apate usingizi wa dakika tano zaidi.

Hakuupata. Mabomu yalianguka manne, mawili nje, mawili ndani ya handaki. Rehani alijikuta mdomo umejaa udongo. Akatema, akatafuta mkoba, akaanza kupita. Wa kwanza alimjibu. Wa pili alimjibu. Penye pinda la handaki, kwenye moshi, alimwona Yordani ameketi, mgongo ukutani, mkoba wake ameupakata tumboni, miguu ameinyoosha katikati ya njia.

"Wewe mpagazi," Rehani aliita, "umeshautua mzigo?"

"Mzigo wenyewe ni wewe, Mzigua," alisema Yordani. "Pita. Usinikanyage."

Sauti ilikuwa yake ileile, kavu, haikutetemeka. Rehani aliiruka miguu yake akapita.

Mbele walikuwepo watatu wasiojibu. Mmoja alikuwa amekufa, ikamchukua Rehani muda kukubali. Wa pili, aliyeitwa Jonathan, goti lilikuwa limesagika, na Rehani alimfunga paja kwa kamba ya katani, akakaza kwa kijiti mpaka damu ikasimama. Wa tatu alikuwa mzito. Alimgeuza, akamchania shati, akamtafuta jeraha kichwani, kifuani, mgongoni, akamtafuta tena. Hakuwa na jeraha hata moja. Alikuwa amezimia kwa hofu. Alifumbua macho, akaomba maji, akaona aibu.

Rehani aliporudi kwenye pinda, Yordani alikuwa ameketi vilevile. Alimwita, hakumjibu. Alimwita tena, na tusi juu yake, tusi zuri ambalo alikuwa ameliweka akiba. Kisha akauinua ule mkoba kutoka tumboni mwa rafiki yake, na akaona mkoba ulikuwa unafunika nini.

Ndani ya mkoba sindano nne za mofini, dawa ya maumivu makali, zilikuwepo zote. Hakuwa ameitumia hata moja.

"Tumbo lile," Sajini Eliasi alimwambia jioni, "hata ungeanza naye asingefika hospitali." Lakini sajini hakuwa mganga. Rehani alikuwa mganga kidogo, kiasi cha kujua kwamba wapo waliofika hospitali na matumbo mabaya kuliko lile, na wapo ambao hawakufika. Hakujua Yordani angekuwa upande gani. Na kilichomkaa kooni hakikuwa hicho peke yake. Ni ile mofini. Mganga aliyeumizwa vile anajua ameumizwa. Sheria aliitunga Yordani mwenyewe. Aliijua kuliko mtu yeyote: ukijibu, utaachwa. Je, alijibu kwa sababu mtani akikuita lazima umjibu, mdomo ukajibu wenyewe kabla mwili haujasema neno? Au alijibu kwa kusudi, ili apitwe?

Siku nyingine Rehani aliamini la kwanza na kujiona mwuaji. Siku nyingine aliamini la pili na kumkasirikia marehemu. Kwa vyovyote vile yeye ndiye aliyepita.

Alikwenda na jeshi mpaka mwisho wa vita, akafunga majeraha mengi, na hakumtania mtu tena. Alipita kwenye moshi akiwagusa shingo mmoja mmoja, wanaojibu na wasiojibu, kazi ya polepole. Akarudi nyumbani mwishoni mwa mwaka 1979. Kutoka Kwaluguru kwenda Korogwe si safari. Unatoka mpaka Mkata, unapanda basi, unapita Segera, umefika. Hakwenda.

Agosti 1980, siku ambayo sabuni haikuwepo zahanati, wala kijijini, wala pengine Tanzania nzima, msichana mmoja mrefu alifika akaketi mwisho wa foleni. Zamu yake ilipofika Rehani alimuuliza anaumwa nini.

"Siumwi. Naitwa Shida. Yordani alikuwa kaka yangu."

Rehani aliweka chini kalamu.

"Mama amenituma kwa mtani wetu," alisema Shida. "Nguo nyeusi anayo mpaka leo. Barua ya jeshi ilikuja Februari mwaka jana, hesabu mwenyewe. Ndugu wamemwambia Wazigua wamejaa Korogwe, tumwite mmoja, amvue, basi. Amekataa."

"Kwa nini?"

"Kaka aliandika barua moja tu kutoka huko. Kurasa mbili. Mama anasema kwenye kurasa zote mbili alimtukana mtu mmoja tu." Alisimama, akajifunga khanga vizuri. "Na mimi nimeposwa. Mama hawezi kusimama kwenye harusi yangu na nguo ile. Uje, au utume neno kwamba hutakuja. Kukaa kimya siyo jibu."

Usiku ule Rehani hakulala. Asubuhi mkewe alimfungia unga wa muhogo na nusu mche wa sabuni aliokuwa ameuficha kwa ajili ya Idi. "Siku ukirudi," alisema, "uje na yule niliyeolewa naye."

Ndani ya basi, mkonge wa Korogwe ulipoanza kupita dirishani, mistari mirefu isiyoisha, Rehani alifanya mazoezi. Angeingia kwa kelele. Angeuliza wapagazi wako wapi. Angedai jogoo wake wawili. Angelala mlangoni mpaka wacheke, angemvua mama wa watu ile nguo, na kuhusu kifo angesema waliyosema kwenye barua ya jeshi, kwamba alikufa kishujaa na papo hapo. Akina mama wengi wanaishi na maneno hayo na hayawaui. Alipofika Segera alikuwa ameyapanga vizuri. Alipovuka mto Pangani alikuwa ameyasahau.

Nyumba ya Kwamndolwa ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa, uani pana mti wa mpapai na majirani saba au wanane waliokuwa wameambiwa Mzigua anakuja leo. Walikuwa wamejiandaa kucheka. Mama Grasiana, mama yake Yordani, alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko, mwanamke mrefu kama mwanawe, na nguo yake nyeusi ilikuwa imepauka mpaka ikafanana na majivu. Aliinuka kumpokea mgeni, akasimama kidogo ameshika ukuta, kisha akaja.

Rehani alifungua mdomo.

"Shikamoo, mama," alisema.

Jirani mmoja aliyekuwa na tabasamu tayari hakujua alipeleke wapi. Mtani hamwamkii mtani wake kwenye msiba. Shikamoo ni ya mtoto, au ya mgeni, au ya mtu mwenye kosa.

Mama Grasiana hakuitikia. Alimwangalia sana. "Shikamoo ya nini?" aliuliza. "Umekuja kama nani?"

"Sijui, mama."

"Basi kaa utafute."

Akaketi chini, mkekani, na maneno ya kwenye barua hayakuja. Alisimulia handaki, miguu, kamba za katani, sheria yao na jina lake. Alimwambia nani aliitunga. Alimwambia juu ya wale sita waliopona. Kisha akafika kwenye pinda, na akasimulia hata lile, na yule wa tatu asiye na jeraha, na sindano nne. Hakuongeza kwamba alikuwa shujaa. Alikuwa akizungumza na kidole gumba cha mguu wake mwenyewe.

Alipomaliza, kuku walikuwa wamemaliza kula unga uliovuja kwenye mfuko aliokuja nao, na hakuna aliyewafukuza.

"Rudia alivyosema," Mama Grasiana alisema. "Vilevile."

"Alisema, 'Mzigo wenyewe ni wewe, Mzigua. Pita. Usinikanyage.'"

Mama Grasiana akacheka. Kilimtoka kabla hajakizuia, kicheko kimoja kifupi, maana ilikuwa sauti ya mwanawe mwenyewe, namna yake ya kukata maneno, na mwaka mmoja na nusu hakuwa ameisikia. Akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akalia, na Shida akaja akasimama nyuma yake bila kumgusa.

Mama Grasiana akasema, "Kwa hiyo ulimpita."

"Nilimpita."

"Na yeye alikwambia upite."

"Alisema hivyo, mama."

"Alikuwa anajua anachosema?"

"Sijui. Nimefikiri kila siku. Sijui."

"Na mimi sijui," alisema Mama Grasiana. "Nimemzaa, na sijui. Tangu mdogo hakuwahi kusema anaumwa. Aliwahi kuvunjika mkono, akakaa nao siku mbili, nikaona anakula kwa mkono wa kushoto." Alijifuta uso kwa ile nguo nyeusi. "Nimekukasirikia. Nakwambia mapema usije ukadhani yamekwisha. Huenda nitakukasirikia mpaka nife. Ungekuja mwaka jana, ningekukasirikia mwaka mmoja zaidi, sasa hasira zingekuwa zimepungua."

"Ndiyo, mama."

"Usiniambie ndiyo mama. Watoto ninao. Nilikuwa naye mmoja wa kutukanana naye hapa uani, ameondoka, na yule aliyetakiwa kuja badala yake ananiamkia." Aliinuka kutoka kwenye kigoda, na alipoinuka alishika tena ukuta, akavuta pumzi mara mbili kabla ya kuendelea. "Fanya kazi yako uliyoijia. Watu wanangoja."

Rehani alisimama. Alimsogelea, akafungua fundo la nguo nyeusi begani mwake, na Shida akampa mama yake khanga mpya ajitande. Ile nguo kuukuu Rehani akaikunja, akaiweka kwapani. Majirani hawakupiga vigelegele. Walikuwa wanamngoja aseme neno, kwa sababu bila neno haijavuliwa.

Rehani akaibana nguo ile kwapani.

"Wewe mpagazi," alisema, polepole, kama mtu anayekanyaga ubao asiouamini. "Nimekuja toka Kwaluguru kwa njaa, na hapa sioni hata jogoo. Au mmekula mpaka vifaranga?"

Mama Grasiana alijinyoosha.

"Mzigua hashibi," alisema. "Jogoo yupo, lakini nimemficha, maana mkono wako ukiingia jikoni hautoki mtupu. Mimi mzima wa afya, mtumwa. Haya, pita huko, usinizibie njia."

Hapo ndipo majirani wakacheka, na mmoja akapiga kigelegele, na Shida akaenda kumkamata jogoo nyuma ya nyumba. Mama Grasiana naye alikuwa anacheka. Alikuwa amesimama wima, ametoa jibu zuri, la haraka, sauti kavu isiyotetemeka.

Rehani alikuwa ameshaanza kuondoka kumpisha. Hatua ya pili akasimama. Aligeuka, akaona mkono mmoja wa Mama Grasiana bado umeshika ukuta. Akaona kucha zilivyopauka. Akarudi, akapiga magoti mbele yake pale kwenye vumbi, akamketisha kwenye kigoda, akamvuta kope ya chini ya jicho kwa kidole gumba. Ndani palikuwa peupe kama chokaa ya ukuta, hapana damu.

"Nini tena?" alisema Mama Grasiana. "Si nimekwambia mimi mzima?"

Rehani alikuwa ameshampata mshipa wa kifundo cha mkono. Ulikuwa unakwenda mbio, mwembamba, kama uzi wa katani.

"Nyamaza kidogo, mpagazi," alisema. "Nahesabu."